Punda Aliyekataa Kutembea: Maoni ya Wachezaji wa Filamu Moja ya Majaribio Lamu

Mchezaji wa nne alipokabidhiwa simu ya kuiongozea filamu, punda wa kwenye filamu alikataa kutembea.

Mchezaji huyo, yaani mtazamaji aliyeshika zamu, alikuwa msichana wa sekondari, mtulivu, na hakuwa amefanya lolote la kumkasirisha mnyama. Alimwita, akangoja, akamwita tena. Kwenye shuka nyeupe iliyotandazwa ukutani, punda alisimama katikati ya kichochoro, shogi zake zimejaa mchanga, akamtazama mvulana wa kwenye filamu, kisha akageuza kichwa. Msichana akabonyeza kitufe cha kuvuta kamba. Punda akarudi nyuma hatua moja. Watu wakaanza kucheka, na mmoja aliyekaa karibu na mlango akatamka yaliyokuwa vichwani mwa wengi: "Imekwama hiyo."

Haikuwa imekwama. Hapo ndipo filamu ilipofanya kazi barabara kuliko wakati mwingine wowote jioni ile. Mtunzi alikuwa ametumia miezi kumfundisha punda kukumbuka, na punda alipokumbuka, chumba kizima kiliona hitilafu. Nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa sababu maoni ya wachezaji yaliyokusanywa baadaye hayasomeki bila kulielewa.

Filamu yenyewe

Mtunzi ni kijana wa kike, mzaliwa wa Lamu, aliyesomea uhuishaji Nairobi. Ameomba asitajwe, na filamu bado haina jina. Ilionyeshwa jioni mbili katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe upande wa Mkomani, mbele ya watu wasiofika ishirini kila jioni: wanafunzi, mabaharia wawili watatu, kina mama wa mtaani, kijana anayetembeza watalii, na mzee mmoja mwenye punda wake mwenyewe. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifaa kuliko wote.

Kisa cha filamu ni chepesi. Mvulana ametumwa na nyanya yake apeleke mchanga kwenye nyumba inayojengwa, afike kabla ya magharibi. Mchezaji humwongoza mvulana kwa vitufe vya kwenye simu: kuita, kuvuta kamba, kungoja, kupapasa, kulisha, kupiga. Punda haongozwi na mtu. Wala paka watatu wanaozunguka vichochoroni. Hao wanne ndio "viumbe wa akili unde" waliotajwa kwenye tangazo lililosambazwa WhatsApp.

Punda ana mahitaji manne ndani yake: njaa, uchovu, hofu na udadisi. Kila moja ni namba inayopanda na kushuka. Mara kadhaa kwa sekunde programu hupima kila kitendo ambacho punda anaweza kukifanya, kutembea, kusimama, kunusa, kurudi nyuma, kulia, na kuchagua kile chenye alama nyingi zaidi kwa wakati huo. Njia hiyo si ngeni; The Sims, gemu iliyotoka mwaka 2000, iliendesha watu wake kwa mahitaji ya namna hiyo. Mtunzi aliongeza kumbukumbu. Punda hukumbuka alichotendewa, kilitendeka wapi, na nani aliyekitenda. Akipigwa kwenye kona fulani, hofu yake hupanda kila akiikaribia kona ile, na hupanda zaidi akimwona aliyempiga.

Paka hawana hata robo ya hayo. Wana kanuni tatu tu: fuata harufu ya samaki, kimbia miguu, lala penye kivuli.

Jioni ya kwanza

Mchezaji wa tatu, yule aliyemtangulia msichana, alikuwa kijana aliyezoea kandanda la PlayStation kwenye vibanda vya gemu. Alibonyeza kitufe cha kupiga tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kwenye gemu nyingi anazozijua ukibonyeza sana unafika haraka. Na kweli alifika haraka. Kisha akamkabidhi simu msichana.

Msichana aliamini anaanza upya. Mbele ya punda hakukuwa na upya wowote. Programu haijui wachezaji. Inamjua mvulana tu, na mvulana alikuwa yuleyule, kanzu ileile, mkono uleule uliokuwa ukimchapa dakika kumi zilizopita. Msichana alirithi deni la dukani ambalo hakulikopa yeye, na hakuna aliyemwonyesha daftari.

Maoni yaliyotolewa baada ya onyesho hilo yalikuwa makali kwa punda na laini kwa paka. Karibu kila aliyezungumza aliwasifu paka. Mama mmoja alisema paka yule mwenye doa jeusi "ana ujanja, anajua nani ana samaki na nani hana." Msichana mmoja mdogo hakutaka kabisa kupewa simu, alitaka kuwatazama paka, na alisema ile ndiyo sehemu nzuri ya filamu. Kuhusu punda, wengi walisema ni mbovu, mzito, au programu yake haijakamilika. Kijana wa PlayStation alilalamika kwamba mchezo hauna ushindi: umefika, na kisha? Kijana wa watalii aliuliza kama inaweza kutiwa maandishi ya Kiingereza kwa chini, swali la kibiashara ambalo sitalirudia.

Na palikuwa na lalamiko moja ambalo mtunzi hakulitarajia. Baadhi ya watu walikuja wakidhani punda ataongea. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mtu akisikia "akili unde" anatarajia kujibiwa. Mmoja alimwuliza punda jina lake, akangoja kwa dakika nzima. Kosa hilo ni la tangazo. Lingesema "punda anayekumbuka," yule bwana angekuja na swali jingine.

Kwa nini paka walishinda

Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara zikizungukazunguka kisanduku. Karibu wote walipoulizwa wameona nini walisimulia ugomvi, woga, mapenzi, uonevu. Jicho la mtu halihitaji mengi ili kumtia roho kitu kinachotembea. Paka wa filamu hii wanaishi kwa mkopo huo: wanatenda kidogo, na mtazamaji anajaza mengine. Tena Lamu, ambako paka wapo kila ngazi na kila gati, mtazamaji ana mengi ya kujazia.

Mwanachuoni wa Marekani Noah Wardrip-Fruin, katika kitabu alichokitoa 2009, alizieleza hali hizi kwa majina, nayo yanatufaa hapa. Ya kwanza ina jina lililokuwapo kabla yake, la ELIZA, programu ya mazungumzo iliyotengenezwa na Joseph Weizenbaum katika chuo cha MIT miaka ya 1960. ELIZA ilirudisha tu maneno ya mtu kwa kuyageuza kidogo, lakini watu waliichukulia kama inawaelewa. Ndani hamna kitu, nje panaonekana pana mengi. Ya pili ni kinyume chake, naye aliipa jina la Tale-Spin, programu ya James Meehan ya mwaka 1976 iliyotunga hadithi za wanyama. Ndani yake dubu na ndege walipanga mipango, walikisia nia za wenzao, walipima nani wa kuaminiwa. Nje zilitoka sentensi fupi kavu ambazo msomaji angeweza kudhani zimeandikwa na mtoto. Kazi yote imo tumboni, usoni hamna.

Basi paka ni ELIZA, punda ni Tale-Spin. Mtunzi aliweka jasho lake lote kwenye punda, na sifa zikaenda kwa paka aliowatengeneza, kwa maneno yake mwenyewe, "ili kichochoro kisiwe kitupu."

Hapa mtu anaweza kusema wachezaji hawakuelewa. Sikubali. Mchezaji ana haki ya kuhukumu anachokiona, na jioni ya kwanza alichokiona ni mnyama aliyesimama bila sababu. Kumbukumbu isiyoonekana haina tofauti na hitilafu. Ni mwenye filamu anayepaswa kuitoa tumboni iwe usoni.

Mwenye punda

Mzee mwenye punda alikaa kimya mpaka wengine walipokwisha. Hukumu yake ilikuwa ya fundi. Alisema punda yule anasimama pale ambapo punda wa kweli angesimama, ila anasimama vibaya. Mtunzi akamwuliza, "Vibaya vipi, babu?" Akaeleza: masikio hayasemi kitu. Punda akimwogopa mtu, masikio huenda nyuma kabla ya mguu. Hukaza shingo. Humtazama kwa jicho moja, la upande, huku amejifanya hatazami. Ukiyaona hayo unajua kinachokuja, unamwacha kidogo, unamsemesha, mnaendelea. Punda wa filamu alikuwa na uso wa amani mpaka nukta ya kugoma.

Aliongeza jambo ambalo watu wa mjini wengi hatulijui ingawa tunapishana nao kila saa. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama kwanza, atazame, apime. Tunamwita mbishi, kumbe yumo kazini, anafikiri. Kwa hiyo kusimama peke yake si ishara ya kitu kimoja: kunaweza kuwa woga, uchovu, udadisi au maumivu, na anayemjua punda hutofautisha kwa viungo vingine. Lamu ina kliniki ya punda tangu miaka ya 1980, na mafunzo mengi wanayopewa wenye punda ni hayohayo, kuusoma mwili kabla ya kunyanyua fimbo. Mtunzi, aliyekulia mji ambao punda ndiye lori, alikuwa amemchora punda kutokana na picha za mtandaoni. Nilicheka kidogo, sikuwa peke yangu.

Salamu

Kabla sijafika jioni ya pili, kuna maoni ya mama mmoja ambayo naona yana uzito kuliko yote ya kiufundi. Njiani mvulana hupita mbele ya baraza walipokaa wazee watatu. Wazee wale si viumbe wa akili unde. Ni picha zilizohuishwa, wanacheza bao na kupunga mikono, basi. Mchezaji mmoja baada ya mwingine alipofika hapo alipunguza mwendo, akatazama simu, akatafuta kitufe. Hakikuwapo. Mvulana akapita na punda wake bila hata "masalkheri."

Mama alimwambia mtunzi, "Mwanangu, punda umempa akili, mtoto umemnyima adabu." Kisha akasema tangu pale hakuweza tena kumpenda yule mvulana, wala kumsikitikia punda alipomgomea, aliona anastahili.

Ni rahisi kulichukua hilo kama utani wa wazee. Lakini tazama lilivyofanya kazi. Mtu wa Lamu akipita barazani kimya, filamu imekwisha kumwambia mtazamaji kwamba watu hawa si watu. Na dunia ambayo watu wake si watu, nani ataamini punda wake ni punda? Façade, mchezo wa kuigiza uliotolewa bure mwaka 2005 na Michael Mateas na Andrew Stern, uliwapa wahusika wake wawili, mke na mume, namna ya kupokea karibu kila neno ambalo mchezaji angeandika. Mara nyingi waliyaelewa kombo. Hata hivyo wachezaji waliendelea kuwachukulia kama wenyeji waliowakaribisha nyumbani, maana anayekujibu kombo bado amekujibu. Katika filamu yetu, hata kitufe kimoja cha salamu na wazee kuitikia "aleikum salaam" kwa sauti iliyorekodiwa kingetosha. Kisingehitaji akili yoyote, unde wala ya kuzaliwa.

Jioni ya pili

Mtunzi alikuwa na muda mfupi, akabadilisha mambo mawili tu. Alimpa punda masikio: hofu ikipanda, yanalala nyuma, shingo inakazwa, jicho linamfuata mvulana. Pili, kabla ya kuanza alisimama na kusema sentensi moja: huyu punda ni mmoja kwa wote mtakaocheza leo, na anakumbuka. Neno "akili unde" hakulitaja.

Programu ya ndani haikuguswa. Kumbukumbu ileile, mahitaji yaleyale. Maoni yakageuka kabisa.

Punda alipogoma, na aligoma mapema, hakuna aliyesema imekwama. Watu waligeukiana. "Nani alimpiga?" Kijana aliyempiga akajitetea kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya, uongo ambao chumba kizima kilikuwa shahidi wake. Aliyefuata alitumia zamu yake yote kumpapasa na kumlisha, mchanga haukusogea hata mlango mmoja, naye akapigiwa makofi. Aliyemfuata huyo alifika kwenye jengo bila taabu yoyote na kujisifu. Akakumbushwa kwamba njia ilisafishwa na mwenzake. Kilichokuwa mchezo wa mtu mmoja mmoja kikawa jambo la chumba. Sijui kama mtunzi alilikusudia hilo. Anasema ndiyo, mimi naona lilimjia.

Lakini masikio yalileta na shari. Mara tu hofu ilipoonekana, wawili watatu waliitafuta. Walimpiga punda makusudi ili waone masikio yakilala, wakacheka, wakapiga tena. Mama mmoja aliondoka. Hili nalo lina historia. Creatures, gemu ya Uingereza iliyotoka 1996 na kubuniwa na Steve Grand, iliwapa wachezaji viumbe wadogo walioitwa norn, wenye ubongo wa kuigiza, kemikali za mwilini na vinasaba walivyorithishana. Wapo wachezaji waliowalea kama watoto, na wapo waliowatesa kwa kusudi na kujitangaza. Wengine wakawa kazi yao ni kuwapokea waliojeruhiwa na kuwatibu. Ugomvi ulikuwa wa kweli na wa hasira, kuhusu viumbe ambao hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba wanaumia au hawaumii. Kiumbe akionyesha maumivu vizuri, humwamsha mwenye huruma na mkatili kwa pamoja. Huwezi kumwita mmoja tu.

Mtunzi alishtuka, akataka kukiondoa kitufe cha kupiga. Mzee mwenye punda alikataa. Alisema fimbo ipo mtaani, na mwenye kuitumia anajulikana. Ukiiondoa kwenye filamu umetengeneza punda wa peponi. Nakubaliana naye, kwa sababu ya ziada: bila uwezekano wa kupiga, anayechagua kungoja hajachagua kitu.

Nisichokubaliana nacho

Baada ya jioni hizo mtunzi aliandika mapendekezo yake. Mawili nayapinga.

La kwanza, kuweka kiputo cha maneno juu ya kichwa cha punda: "Namkumbuka huyu." Hilo lingemaliza lalamiko la kukwama, ndiyo, na lingeua kila kilichopatikana jioni ya pili. Watu walibishana kwa sababu masikio yaliwaachia nafasi ya kusoma. Ukiwaandikia, umewafanya wasubiri maandishi.

La pili, kuifuta kumbukumbu kila mchezaji mpya anaposhika simu, ili kila mtu apate "filamu yake." Hapa wachezaji wengi wako upande wake, na siwezi kuwapuuza, msichana wa jioni ya kwanza alionewa kweli. Lakini filamu za kuchagua zimetudanganya muda mrefu kuhusu jambo hili. Kinoautomat, iliyoonyeshwa na Chekoslovakia kwenye maonyesho ya Expo 67 mjini Montreal, Kanada, ndiyo huhesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya namna hii: watazamaji walipiga kura kwa vitufe viwili vya kwenye viti, na filamu ikafuata wingi wa kura. Radúz Činčera aliipanga hivi kwamba kila njia hurudi palepale, nyumba inaungua hata mkipiga kura namna gani. Ule ulikuwa mzaha wake, na mzuri. Wengi waliomfuata walichukua mbinu wakaacha mzaha: chaguo nyingi, athari hakuna. Punda huyu ana athari. Kuifuta ni kurudi kule kwenye kujibonyezea tu.

Suluhu iliyofikiwa, baada ya mabishano yaliyopita saa ya chakula, ni kwamba kumbukumbu idumu jioni nzima na ifutwe asubuhi, na anayepokea simu aonyeshwe punda kwa muda, karibu, kabla ya kitufe chochote kuwaka, apate kumsoma alivyo. Mzee alitaka kumbukumbu isifutwe hata asubuhi. Alishindwa kwa kura.

Kitufe cha salamu kimeshaongezwa. Sauti za wazee wa barazani zinarekodiwa wiki hii, na mmoja wao amekubali kwa sharti moja: mvulana akipita bila kuamkia, aruhusiwe kumsema kwa jina la baba yake.